Uzi: Injinia Marjorie Townsend na setilaiti Uhuru iliyorushwa kutoka bahari ya Ngomeni, 1970

BintiNgomeni

Wadau, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu baada ya zamu, naomba mnivumilie.

Mimi ni injinia wa umeme. Kazi yangu ni ya chumba cha udhibiti kwenye kituo cha kufua umeme, na kwetu ni Ngomeni, juu ya Malindi. Watoto wa Ngomeni tumekua tukiyaona yale majukwaa mawili baharini, tukijua ni "ya Wataliano", basi. Tuliambiwa zamani palirushwa roketi. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka 1970 iliondoka pale setilaiti yenye jina la Kiswahili, wala kwamba mwenye dhamana ya setilaiti hiyo alikuwa mwanamke, injinia wa umeme kama mimi. Nimekuja kulijua hilo nikiwa na miaka 31. Limenifurahisha na limeniuma kwa pamoja, maana ningelijua nikiwa darasa la saba kuna maneno mengi nisingeyaamini.

Anaitwa Marjorie Rhodes Townsend. Alizaliwa Washington mwaka 1930, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 15. Mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi Chuo Kikuu cha George Washington, fani ya umeme. Baada ya hapo alifanya kazi maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, kwenye mambo ya sonari, yaani kuitambua nyambizi kwa sauti yake majini. NASA alijiunga mwaka 1959, shirika lenyewe likiwa na mwaka mmoja tu, katika kituo cha Goddard kule Maryland. Hapo alishughulikia TIROS, setilaiti za mwanzo kabisa za hali ya hewa, kisha Nimbus. Nyumbani alikuwa mke wa daktari na mama wa wavulana wanne.

Mwaka 1966 akakabidhiwa mradi wa setilaiti ndogo za falaki. Zilikuwa tatu, na zote tatu zilirushwa kutoka bahari yetu: ya kwanza Desemba 1970, ya pili Novemba 1972, ya tatu Mei 1975. Rekodi za Marekani zinamtaja kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kusimamia urushaji wa chombo cha anga.

Sasa naomba niseme kidogo kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wakisikia "kurusha roketi" wanawaza ile dakika ya moto na moshi. Kabla ya dakika ile kuna miaka. Chombo kinapimwa gramu kwa gramu, maana Scout, roketi waliyoitumia, ilikuwa ndogo: hatua nne, urefu wa mita ishirini na kitu. Setilaiti nzima ilikuwa kama kilo 140. Kinatikiswa juu ya meza ya mtikiso mpaka uone kama kuna waya utakaolegea. Kinafungiwa kwenye chumba kisicho na hewa, kinapashwa joto kisha kinagandishwa. Halafu kinavushwa bahari kuletwa kwenye pwani yenye chumvi na unyevu kama yetu, na kinatakiwa kifike kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Anayefanya kazi na vifaa vya umeme Mombasa au Tanga anajua chumvi inavyokula viungo vya nyaya.

Na Scout ilitumia mafuta yabisi. Hatua zote nne. Mafuta hayo yamo ndani ya roketi yameganda kama raba, na ukishayawasha hayana bomba la kufunga. Yataungua mpaka yaishe. Kwa hiyo uamuzi wote wa kibinadamu uko upande wa huku, kabla ya kuwasha. Kila mwenye sehemu yake anaulizwa kama yuko tayari, na mwenye setilaiti akisema hapana, hapana ndiyo hiyo.

Hapa ndipo moyo wangu uliponasa. Mwaka wangu wa pili kazini, mahali ambapo sitapataja, nilikataa mtambo usiwashwe kwa sababu joto la beringi moja lilikuwa linapanda polepole. Lilikuwa bado halijafika kiwango cha hatari, ila lilikuwa linapanda na halikuwa na sababu ya kupanda. Niliambiwa mbele ya watu kwamba mwanamke ana woga, kwamba kila dakika ninayochelewesha ni pesa. Niliwekwa pembeni, mtambo ukawashwa na mwingine. Saa mbili baadaye ukajizima wenyewe. Chujio la mafuta lilikuwa limeziba. Hakuna aliyenirudia kusema lolote. Mimi nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuandika ripoti.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba mwaka 1970 mwanamke alisimama Ngomeni akiwa na haki ya kusema "bado", na wanaume wa mataifa mawili wakalazimika kumsikiliza, nasoma habari inayonihusu.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, saa saba na dakika 53 mchana kwa saa zetu. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Kwenye makaratasi chombo kiliitwa SAS-A. Kwa kuwa siku iliangukia sikukuu, na kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, kikapewa jina Uhuru.

Wenye kumbukumbu za San Marco, yaani yale majukwaa ya Ngomeni, nyumbani au kazini, tafadhali wekeni hapa.

Mzee_Kipini

Binti yangu, hujambo. Nimeusoma uzi wako wote pamoja na miwani yangu.

Mwaka huo nilikuwa kijana mdogo, tuko upande wa Kipini. Mchana ule nakumbuka moshi mweupe umesimama baharini kama nguzo, halafu upepo ukaupinda, kisha ndipo sauti ikaja. Sauti ilichelewa sana, tulidhani ni kitu kingine. Baba akasema ni wale wa jukwaani. Jina la Uhuru tulilisikia baadaye redioni, tukalipiga makofi kwa ajili ya sikukuu. La huyo mama hatukulisikia kabisa.

Ahsante kwa kunipa jina la mtu wa moshi ule.

BintiNgomeni

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara nne. Nikija likizo, ukiniruhusu, nitakuja Kipini nikae nawe nikuandike.

Mzee_Kipini

Marahaba. Njoo, mwanangu. Njoo na daftari.

Kinyozi_wa_Mbeya

Mleta mada nakuheshimu, lakini naomba tusipambe. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi ya Wamarekani, mzigo wa Wamarekani. Sisi tulitoa bahari na jina. Na huyo mama, kwa ulivyoeleza, alikuwa meneja wa setilaiti. Aliyebonyeza kitufe si yeye. Kwa nini tuseme "alirusha"?

BintiNgomeni

Kaka, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake.

La kitufe: ni kweli. Timu ya urushaji pale ilikuwa ya Kiitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, ambaye kituo kimepewa jina lake. Wao ndio walioanza, mwaka 1964, kwa kurusha San Marco 1 kutoka Wallops kule Marekani, kisha tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kutoka jukwaa lao la Ngomeni. Jukwaa moja, San Marco, lilibeba roketi. La pili, Santa Rita, lilibeba chumba cha udhibiti, na kati yao palipita nyaya. Uhuru ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Kwa hiyo Townsend alikuwa na kazi ngumu kuliko ya kubonyeza. Alipaswa kuyaunganisha makundi mawili yenye lugha mbili na desturi mbili za kazi, mbali na kwao, wakubaliane hatua kwa hatua. Waitaliano wenyewe walimthamini kiasi kwamba mwaka 1972 Jamhuri yao ilimpa nishani ya heshima.

La bahari na jina: hapo sibishani nawe. Nataka tu mtoto wa Ngomeni aijue habari yote, pamoja na hiyo sehemu ya kudai.

Mwl_Fizikia_Moro

Niongeze upande wa sayansi, maana wengi huuliza kwa nini Ngomeni na si Marekani kwenyewe.

Ngomeni iko chini ya nyuzi 3 kusini ya ikweta. Dunia pale inazunguka kwa karibu mita 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi ndogo inapewa msukumo wa bure kabla haijawashwa. Mashariki ni bahari tupu, mabaki yakianguka hayamwangukii mtu. Hilo ni la kwanza.

La pili ndilo wanafunzi wangu hulipenda zaidi. Setilaiti ile ilikwenda kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Eksirei hizo hazifiki ardhini, angahewa inazimeza zote, lazima utoke nje uzisubiri huko. Lakini juu ya Atlantiki ya kusini pana eneo ambalo mkanda wa mnururisho unaoizunguka dunia unashuka chini, na setilaiti ikipita ndani yake vihesabio vyake vinajaa kelele. Ukirusha kutoka Florida unalipita eneo hilo mara kwa mara. Ukirusha kutoka Ngomeni, mzingo wako, yaani njia yako ya kuizunguka dunia, unaufuata mstari wa ikweta, unalikwepa karibu lote. Yaani bahari yetu ilichaguliwa kwa sababu ya ukimya wake huko juu.

Matokeo yake? Kabla ya Uhuru, vyanzo vya eksirei angani vilikuwa vikitafutwa kwa roketi zinazopanda dakika chache na kushuka. Uhuru ilikaa juu miaka miwili na ushei, ikapiga doria anga zima. Katika orodha yake ya mwisho kuna vyanzo 339. Ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga mdundo kila baada ya sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo na kizito mno cha nyota iliyokufa, inayozungukana na mwenzake. Ilichangia sana kuifanya Cygnus X-1 iwe shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walianza kuliamini. Kiongozi wa kisayansi wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Na zile setilaiti nyingine mbili za Mama Townsend hazikuwa za kujazia. Ya pili ilitazama miale ya gama, ndiyo iliyokiona kwanza kile chanzo kilichokuja kuitwa Geminga. Ya tatu ilitumika kukigundua chanzo kinacholipuka kwa haraka haraka mno, milipuko ikifuatana kama bunduki ya rashasha.

Kinyozi_wa_Mbeya

Mwalimu, hili la ukimya sikulijua. Nimeelewa.

Ila bado: kama ikweta ni dhahabu, mbona Taifa-1 ya Kenya ilipelekwa California mwaka 2023?

Mwl_Fizikia_Moro

Swali zuri sana. Taifa-1 ni ya kupiga picha ardhi: mashamba, mafuriko, misitu. Chombo cha namna hiyo hupendelea mzingo unaopita juu ya ncha za dunia, ili dunia izunguke chini yake na kila sehemu ipigwe picha kwa mwanga wa saa ileile. Kwa mzingo huo ule msukumo wa ikweta haukusaidii. Tena ilipanda ndani ya Falcon 9 pamoja na vyombo vingine vingi, tarehe 15 Aprili, kama mtu anayepanda basi badala ya kukodi gari zima. Na jukwaa la Ngomeni lilirusha mara ya mwisho Machi 1988. Tangu hapo kituo kimeendelea na kazi ya kupokea mawimbi ya vyombo vilivyoko angani, lakini roketi haijaondoka.

FundiMitambo_Ilala

Dada BintiNgomeni, habari yako ya beringi imenikaa kooni. Naomba nilete mwingine anayefanana na huyo wako.

JoAnn Morgan. Alikuwa msichana wa miaka 17 huko Florida mwaka 1958 alipoona tangazo la kazi ya kiangazi ya msaidizi wa wahandisi kwenye mpango wa roketi wa jeshi. Tangazo lilisema wanatakiwa "wanafunzi". Halikusema wavulana. Akaomba, akapata. Msimamizi wake, Jim White, aliwaita mafundi wote kabla hajaanza, akawaambia wamchukulie kama injinia. Mmoja akauliza kama wanaweza kumtuma awapikie kahawa. Akajibiwa: injinia hatumwi kahawa.

Miaka ikaenda. Kwenye majengo ya urushaji hapakuwa na choo cha wanawake, mlinzi alikuwa anatoa wanaume chooni ili yeye aingie. Alikuwa akipigiwa simu za matusi kwenye meza yake ya kazi. Na siku ya kurusha yenyewe alikuwa akiondolewa, anaingia mwanamume kukalia kiti ambacho yeye ndiye aliyekiandaa kwa miezi. Mpaka Apollo 11, safari ya kwanza ya kutua watu mwezini. Mkuu wake, Karl Sendler, alikwenda kwa mkurugenzi wa kituo, Kurt Debus, kuomba abaki kitini. Debus akakubali. Tarehe 16 Julai 1969 alikuwa na miaka 28, msimamizi wa vyombo vya vipimo, mwanamke peke yake kati ya wanaume wapatao 450. Picha ipo. Ukiitazama unamtafuta, halafu unamwona, amekaa mkono kidevuni.

Alistaafu mwaka 2003 baada ya miaka zaidi ya 40 pale pale, akiwa mkurugenzi. Mwenyewe amesema anatumaini picha kama ile haitapigwa tena.

Ninachokipenda katika habari hii ni Sendler na White. Sisi wanaume tulioko kwenye karakana tunaweza kuwa hao. Mimi nina binti mwanafunzi wa mafunzo kazini sasa hivi, na naungama nilimtuma chai wiki yake ya kwanza. Kesho nitamwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimtuma mbele yao.

BintiNgomeni

Kaka, hapo umenitoa machozi ya aina nyingine. Mungu akuzidishie.

Na umenikumbusha wa tatu, wa siku hizi. Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kuwa mkurugenzi wa urushaji NASA. Aliianza kazi kwenye kituo cha urushaji cha Kennedy, Florida, mwaka 1988 akiwa injinia wa programu za kompyuta upande wa mizigo ya chombo. Ndiye aliyesimamia urushaji wa Artemis I, roketi ya kwanza ya mpango mpya wa kwenda mwezini.

Mtakumbuka mwaka 2022 ilivyoahirishwa mara mbili siku yenyewe ya kurusha. Tarehe 29 Agosti kipimo kilionyesha injini moja haikupoa inavyotakiwa. Tarehe 3 Septemba haidrojeni ikavuja kwenye kiungo cha bomba. Haidrojeni ya kimiminika ina baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na chembe zake ni ndogo mno, inapenya popote. Dunia nzima inatazama, kamera zimejaa ufukweni, wageni wa serikali wamekaa, naye anasema leo hatuondoki. Mara mbili.

Halafu usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba uvujaji ukatokea tena, mahali pengine, kwenye vali ya kujazia. Safari hii lilikuwa jambo la kukaza nati. Wakatumwa watu watatu mpaka chini ya roketi iliyojaa mafuta, wakazikaza kwa mikono, wakarudi. Roketi ikaondoka saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa zetu. Nilikuwa zamu. Nilitazama kwenye simu ya mwenzangu, na mwenzangu huyo ananiuliza, "Wewe unalilia nini?"

Ninachotaka mkione ni kwamba kipimo kilekile cha kukataa ndicho kilichomruhusu kukubali. Alijua tofauti ya uvujaji unaokazwa na uvujaji unaokurudisha nyumbani. Ujuzi huo haununuliwi. Unakaa miaka 30 na mashine mpaka unazijua zinavyopumua.

Neema_F4

Dada habari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Kilwa. Napenda hesabu na fizikia lakini shuleni kwetu maabara haina vifaa, mita ya umeme ipo moja na ina sindano iliyokatika. Nikisoma hawa wote ni Wamarekani. Mimi naanzia wapi?

BintiNgomeni

Neema mdogo wangu, nisikilize. Sikudanganyi kwamba njia ni fupi.

Hesabu usiiache hata siku moja, hata ukiwa umechoka fanya mbili. Mita iliyokatika sindano mwombe mwalimu akuruhusu uifungue, mkiwa pamoja. Ndani utaona koili na sumaku, na ukishaelewa kwa nini sindano inasogea umeelewa nusu ya kazi yangu. Mimi nilianza kwa redio ya baba iliyokufa.

Wamarekani ndiyo, hawa niliowataja. Lakini chombo cha kwanza cha Kenya kilichowekwa kwenye mzingo, mwaka 2018, kilikuwa kidogo cha kubebeka kwa mikono miwili, na kilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kilitolewa nje kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mambo haya yamekaribia kuliko nilipokuwa na umri wako. Niandikie kwa faragha kupitia mwalimu wako, nitakutumia mita.

Mwl_Fizikia_Moro

Na mimi natoa mbili.

FundiMitambo_Ilala

Nyaya, chuma cha kulehemu na risasi yake, niachieni mimi.

Mzee_Kipini

Mwalimu, nina swali la mzee. Hiyo setilaiti iko wapi sasa? Bado inapita juu yetu?

Mwl_Fizikia_Moro

Shikamoo mzee. Haiko tena. Ilinyamaza mwaka 1973, na mwaka 1979 ilishuka ikaungua angani. Mama Townsend mwenyewe alifariki mwaka 2015.

Lakini kuna kitu kimebaki. Vyanzo vilivyoorodheshwa na ile setilaiti vilipewa majina ya namba, na mbele ya kila namba kuna tarakimu moja na herufi moja. Mtaalamu wa falaki wa Japani au Brazili akiandika leo habari ya chanzo fulani cha eksirei, anaandika 4U 1820-30, au 4U 1700-37. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha. Hiyo U ni Uhuru.

Mzee_Kipini

U ni Uhuru.

Nimemwita mjukuu, nimemwonyesha. Ameiandika ukutani kwa mkaa, mama yake anagomba.

Neema_F4

Nami nimeiandika nyuma ya daftari la fizikia. 4U 1700-37. Mwalimu, hiyo iko upande gani wa anga, na usiku wa mwezi gani naweza kutazama huko?

Mwl_Fizikia_Moro

Kundinyota la Nge, Neema. Eksirei zake hutaziona, lakini nyota kubwa inayozungukana nayo inaonekana kwa darubini ndogo ya mkononi. Tazama mwezi Julai, saa tatu usiku, juu upande wa kusini, ndani ya mpindo wa mkia wa Nge. Kilwa mna giza zuri.